Hicho Kitabu Nakinunulia Nini?

Mwandishi alikuwa amemaliza kusoma sura ya kwanza ya riwaya yake, makofi yametulia na feni mbili za ukutani zimeanza kusikika tena, pale bibi mmoja aliyekaa safu ya pili alipoinua mkono. Jioni ile mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza mazungumzo, kama ninavyofanya mara kwa mara katika duka hilo dogo la vitabu la Mji wa Kale wa Mombasa, na nilimpelekea kipaza sauti nikitarajia lile swali lisilokosekana, la mwandishi alianza lini kuandika na ni nani aliyempa moyo. Bibi akakisukuma kipaza sauti pembeni. Sauti yake mwenyewe ilimtosha.

"Mwanangu, umesoma vizuri, Mungu akubariki," alimwambia. "Lakini hayo yote nishayasikia. Hicho kitabu sasa nakinunulia nini?"

Watu walicheka. Mwandishi, kijana mpole mzaliwa wa Kisauni, naye alicheka, kisha akamjibu kwa adabu kwamba aliyoisikia ni sura moja tu na zimebaki nyingine kumi na tisa.

"Basi njoo wiki ijayo tuendelee."

Kicheko kikazidi, nami nikaitumia nafasi hiyo kumpa mtu mwingine zamu ya kuuliza. Baadaye viti vilikunjwa, bibi akaondoka na mjukuu wake bila kitabu, na mwenye duka akaenda nyuma ya meza yake kuhesabu mauzo. Tangu jioni ile swali hilo halijaniacha, kwa sababu kila ninapojaribu kulijibu naona kwamba waliocheka walikuwa sisi, ila yeye hakuwa akitania.

Aliuliza jambo la kweli.

## Hesabu ya mwenye duka

Mwenye duka ana sababu zake za kuwaalika waandishi, na ni sababu za kibiashara kabisa. Husema kwamba mwandishi anaposoma mbele ya watu ni kama muuza halua anayemkatia mpita njia kipande kidogo juu ya karatasi: utamu ukimkolea, atanunua nusu kilo. Maduka mengi ya vitabu duniani yanaendeshwa kwa imani hiyo hiyo, ijapokuwa si kila mahali kuna halua.

Taabu ni kwamba hesabu haiafiki. Chukua riwaya inayouzwa shilingi 1,160. Tangu Sheria ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mwaka 2013, vitabu nchini Kenya hutozwa asilimia 16, kwa hiyo shilingi 160 zinakwenda serikalini kabla ya mtu yeyote aliyekitolea jasho kitabu hicho kuona senti. Katika 1,000 inayobaki, tuseme mchapishaji anamwachia mwenye duka asilimia 30 na kumlipa mwandishi mrabaha wa asilimia 10, viwango ambavyo si vigeni katika biashara hii. Mwandishi amepata shilingi 100, na duka limepata 300. Ikiuzwa nakala kumi, na jioni ya kuuza nakala kumi ni jioni njema, duka lina shilingi 3,000 za kulipia viti vya kukodi, spika, chai, mahamri, umeme, na kijana wa kupanga na kupangua. Mwandishi ana shilingi 1,000, ambayo kama ametoka Malindi kwa matatu, sehemu kubwa imeshaishia njiani.

Zamani hasara za namna hiyo zilifunikwa na vitabu vya shule. Mapato ya mwezi wa Januari yaliweza kulibeba duka miezi mingi, na riwaya, diwani na tamthilia zikapata rafu ya kukaa bila kudaiwa kodi. Mwaka 2018 serikali ilianza kuvinunua vitabu vya kiada kwa wachapishaji na kuvifikisha katika shule za umma moja kwa moja, na biashara kubwa ikayapita maduka pembeni. Sitaki kuingia katika ubishi wa kama uamuzi ule ulikuwa mwema kwa wanafunzi, huenda ulikuwa. Ninachosema ni kwamba duka linalotaka kuuza fasihi leo linasimama juu ya fasihi peke yake, na ardhi hiyo ni nyembamba.

Hata hivyo chumba hujaa. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa maelezo ya kawaida. Wanakuja wanafunzi wa vyuo, walimu waliostaafu, wazee waliofanya kazi bandarini, akina mama wanaotoka kazini na mikoba yao, na wengi wao hukaa mpaka swali la mwisho. Wanasikiliza kwa makini kuliko hadhira nyingi nilizowahi kuziona. Kisha wanaaga vizuri, wanamshika mwandishi mkono na kwenda zao.

"Mwalimu," mwenye duka aliniambia usiku mmoja akifunga mlango, "hawa wananipenda bure."

## Mji uliozoea kusikiliza

Wapo wanaosema kwamba Wapwani hawasomi. Kauli hiyo nimeisikia Nairobi, na huudhi zaidi inapotoka kwa Mpwani mwenyewe aliyeichukua huko na kuirudisha nyumbani. Wasemao hivyo wanahesabu vitabu vilivyonunuliwa, na kwa kipimo hicho huenda wana haki ya kutulaumu. Lakini mji huu umekula maneno yaliyotungwa kwa ustadi kwa karne nyingi, na sehemu kubwa umeyala kwa sikio.

Ingia msikiti wowote mkubwa wa Mji wa Kale baada ya sala ya Alasiri katika mwezi wa Ramadhani. Utamkuta sheikh amefungua kitabu juu ya marufaa, anasoma ibara, anaifasiri, anasogea mbele kidogo, na kesho yake anaanzia pale alipoishia. Kitabu kimoja kinaweza kumalizika baada ya miezi, na kingine baada ya miaka. Waliokaa mbele yake wengi hawana nakala, wala hakuna anayewaona kuwa ni wezi wa elimu kwa kuwa hawakuinunua. Bibi yule alipomwambia mwandishi arudi wiki ijayo waendelee, alikuwa akimkaribisha katika utaratibu alioukuta tangu azaliwe. Sisi tuliocheka ndio tuliokuwa wageni.

Au mfikirie Muyaka bin Haji. Alitunga hapa hapa Mvita katika enzi za Mazrui na akafariki karibu mwaka 1840. Diwani yake ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, chini ya uhariri wa William Hichens. Kati ya kifo cha mshairi na kitabu chake imepita karne nzima, na tungo hizo zingepotea kama zisingehifadhiwa vifuani mwa watu wa mji huu, mpaka mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua, akishirikiana na mmisionari Mwingereza William Taylor, alipozikusanya na kuzitia kwenye karatasi. Watu walizijua kwa sababu waliwahi kuzisikia zikighaniwa, zikijibiwa, zikirudiwa barazani kwa kumcheka fulani au kumkumbusha fulani. Kama kuna maana yoyote ya kusema kwamba mwandishi ametoka hadharani, Muyaka alikuwa ametoka hadharani zamani sana kabla ya Johannesburg.

Mfano wa karibu zaidi ndio ulionigeuza.

Namjua mzee mmoja wa Likoni anayeweza kukutolea tungo za Ahmad Nassir Juma Bhalo beti kwa beti, bila kukosea kina. Nilimuuliza kama ana nakala ya *Malenga wa Mvita*, diwani iliyotoka mwaka 1971. Hajawahi kuishika. Tungo hizo alizipata kwa Juma Bhalo, yule mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 2014, ambaye nyingi ya nyimbo zake zilitungwa na binamu yake huyo huyo Ahmad Nassir. Mzee wangu alizisikia harusini, akazisikia redioni, halafu akaenda duka la Mbwana Radio kununua kanda. Bado anazo, katika boksi la viatu, nyingine utepe umekwisha kukatika na kuungwa kwa gundi ya karatasi, na anajua kila moja imeungwa wapi kwa sababu kuna neno linalomezwa.

Huyo si mtu asiyetaka kulipia fasihi. Ametoa fedha zake kwa miaka. Alichouziwa ni sauti, naye akainunua.

## Mwaka 1858

Kuna mwaka mmoja ambao nimekuwa nikiuzungukia akilini. Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alitunga utendi wa wasia kwa binti yake, Mwana Hashima. Hakuna aliyeuuza. Ulinakiliwa kwa mkono na kusomwa kwa sauti nyumba kwa nyumba, na wanawake wengi wa mwambao waliujua kwa moyo muda mrefu kabla ya kuuona ukiwa kitabu cha dukani.

Mwaka huo huo, London, Charles Dickens alianza kuwatoza watu fedha kumsikiliza akisoma vitabu vyake mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa akisoma kwa ajili ya misaada. Rafiki yake mkubwa, John Forster, alimpinga, kwa hoja kwamba kusimama jukwaani kwa malipo kunamshusha hadhi mtu wa kalamu. Dickens hakumsikiliza. Aliendelea mpaka mwaka 1870, miezi michache kabla ya kufariki, na alipozuru Marekani mwaka 1867 na 1868 watu walipanga foleni usiku kucha katika baridi ili kupata tiketi.

Jambo linalonishughulisha ni kwamba watu hao wengi wao walikuwa wameshavisoma vitabu hivyo. Hadithi walizijua, na baadhi yao bila shaka walizijua kuliko msomaji mwenyewe alivyokuwa akizikumbuka usiku ule. Kwa hiyo swali lao lingekuwa swali la bibi lililopinduliwa: kitabu ninacho nyumbani, tiketi nainunulia nini? Walilijibu kwa kufungua mikoba yao. Katika akili yao, kitabu na kusomewa vilikuwa vitu viwili, na kila kimoja kilikuwa na bei yake.

Nchini Ujerumani, hadi leo, ni kawaida kabisa kulipa kiingilio ili kumsikia mwandishi, na ni kawaida mwandishi kulipwa kwa kuja kwake, kitabu kiuzwe au kisiuzwe. Kule Menlo Park, California, duka la Kepler's lilianza mwaka 2011 kuwataka wahudhuriaji wanunue kadi ya dola 10 ya manunuzi ya dukani, iliyokuwa ikiwaingiza watu wawili. Sababu zao zilikuwa zile zile za mwenye duka wetu: chumba kimejaa, mauzo hayaonekani.

Nilimpelekea hoja hizi nikiwa na hakika kwamba zitamfurahisha. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifuta vumbi kwenye mgongo wa kamusi.

"Watu wa Mombasa walipe kumsikiliza mtu akisoma, Mwalimu? Na mabaraza yote haya?"

## Fundo la lesso

Kisha ukaja usiku wa mashairi.

Mgeni alikuwa malenga mtu mzima, asiye na haraka, ambaye hakusoma bali alighani. Moja ya tungo zake ilihusu ndugu wanaouza nyumba ya urithi ya Mji wa Kale kwa siri, dada zao wakija kujua siku mnunuzi anapobadilisha kitasa. Alipofika beti ya nne au ya tano, mama mmoja aliyekuwa safu ya nyuma aliinuka. Alipita katikati ya viti akitembea kwa mwendo wa ngoma ambao haukuwa ngoma kamili, huku akifungua kwa meno fundo la pindo la lesso yake. Akatoa noti ya mia mbili, akaikunjua, akaiweka katika kiganja cha mzee, akarudi kukaa bila kusema neno. Mzee hakukatiza hata silabi. Aliiweka noti chini ya daftari lake na kuendelea.

Akainuka mwingine. Akainuka na mwanamume, akamtia noti mfuko wa kanzu.

Sina haja ya kumweleza msomaji wa pwani kilichokuwa kikitendeka. Kila aliyehudhuria taarabu ya harusi ameona wasanii wakitunzwa, na wengi wametunza. Kilichonishangaza ni mahali. Desturi iliyokuwa ikikaa ukumbini na uwanjani ilikuwa imeingia yenyewe katika duka la vitabu, kati ya rafu ya kamusi na rafu ya hadithi za watoto, bila kuitwa na mtu. Usiku ule tunzo zilizidi mauzo ya vitabu, na mwenye duka, ambaye wiki moja kabla aliniuliza kuhusu mabaraza, sasa alitaka kuweka bakuli katika kila kikao.

Nami kwa siku kadhaa nilitembea nikiwa na furaha ya mtu aliyepata jawabu. Tulikuwa tumeagiza desturi ya London ilhali ya kwetu ipo sebuleni.

Bakuli likawekwa. Mgeni aliyefuata alikuwa mwandishi wa riwaya. Alisoma kurasa nzuri mno, za mama na mwana wanaozungumza katika foleni ya feri, mazungumzo ambayo uzito wake wote uko katika yale yasiyosemwa. Chumba kilikuwa kimya kwa namna ambayo mwandishi yeyote angeililia. Na hakuna aliyeinuka. Angeinuka wapi? Shairi la kughaniwa lina vituo, na kila kituo ni mlango wa msikilizaji kuingia. Nathari ya namna ile ukiinuka katikati umeivunja. Mwisho wa kikao bakuli lilikuwa na noti moja ya mia, na hiyo aliiweka mwenye duka mwenyewe mapema ili kuwatia watu hamu.

Lakini si hilo lililonirudisha nyuma.

## Kulipa kabla ya kusikia

Nilianza kuwafikiria wale waliotunza usiku wa mashairi. Mtunzi aliwaumbua wauza urithi, na bila shaka waliompa noti walikuwa wale waliodhulumiwa au wanaowajua waliodhulumiwa. Ndivyo tunzo inavyokwenda. Katika taarabu mtu huinuka pale ubeti unapomchoma jirani. Sijawahi kuona mtu akicheza mpaka jukwaani kulipia ubeti uliomchoma yeye. Ikiwa mwandishi atakula kwa tunzo peke yake, basi haraka atajifunza chumbani mna akina nani na wangependa nani achomwe.

Hapo nikamkumbuka Abdilatif Abdalla, mtoto wa mji huu, aliyeandika waraka wa kuikosoa serikali, *Kenya: Twendapi?*, mwaka 1968 na kufungwa kwa sababu hiyo kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Gerezani alitunga kwa siri juu ya karatasi za chooni, na tungo hizo zikatoka mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Mwaka 1974 kitabu kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Watu wa rika langu hulisimulia jambo hili kwa kicheko, na kweli lina kichekesho chake, lakini mimi najiuliza kuhusu mwaka 1968. Lau waraka ule ungesomwa kwa sauti katika chumba cha watu hamsini wa Mombasa, nani angefungua fundo la lesso mbele ya macho ya watu? Wapo ambao wangekubaliana na kila neno. Wangekubaliana wakiwa wamekaa.

Kiingilio hakina tabia hiyo. Mtu amelipa mlangoni kabla hajajua atafurahishwa au ataudhiwa, na mwandishi anapopanda kusoma fedha imekwisha kutolewa. Haimpongezi wala haimwadhibu. Anaweza kuwabembeleza waliokuja au kuwatia kidole jichoni, na malipo yake ni yale yale. Sikutarajia kwamba kitu kikavu kama tiketi kingeweza kuwa kinga ya ulimi wa mwandishi kuliko desturi tamu kama ya kutunza, lakini hapo ndipo mawazo yalinifikisha, na kila nikiyarudia nafika pale pale.

Najua jibu la upande wa pili. Tiketi nayo ina upendeleo wake. Huwapendelea wenye majina. Tangu Abdulrazak Gurnah apate Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na tangu Ida Hadjivayanis aitafsiri riwaya yake ya *Paradise* kwa Kiswahili ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la *Peponi*, nina hakika kwamba jioni ya kusoma kurasa zake ingejaza chumba hata kwa kiingilio cha maana. Kijana wa Kisauni na riwaya yake ya kwanza je? Pengine chumba kingejaa nusu. Mimi naweza kuishi na nusu. Watu ishirini na watano waliolipa shilingi 200 ni shilingi 5,000, na hilo ni zaidi ya wanachopata duka na mwandishi kwa pamoja katika zile nakala kumi za jioni njema. Mwenye duka hupatwa na huzuni akiona viti vitupu, na huzuni hiyo haimwachii nafasi ya kuzidisha.

## Safu ya nyuma

Shilingi 200 si kitu kwa mtu aliyekuja na gari lake. Kwa kijana wa kidato cha tatu anayekuja na sweta ya shule, akasimama mlangoni mpaka aitwe aingie, hicho ni chakula chake cha mchana na nauli ya kurudi Changamwe. Vijana wa namna hiyo ndio huuliza maswali bora, na ndio sababu mimi hukubali kuongoza vikao hivyo bila malipo. Kwa hiyo tulikubaliana bila ubishi kwamba aliyevaa sare au mwenye kitambulisho cha mwanafunzi ataingia bure na atakaa mbele, si nyuma. Hilo la kukaa mbele nilililazimisha mimi, kwa sababu nimeona mara nyingi jinsi cha bure kinavyowekwa pembeni.

Kuhusu wazee, niliona afadhali niulize. Nilimkuta yule bibi Marikiti akichagua ndimu, nikamwamkia, akanikumbuka, nikamweleza mpango. Alinisikiliza bila kuacha kuminya ndimu.

"Akisoma mpaka mwisho, nitalipa. Hata kila wiki nitalipa," alisema. "Lakini kunitia hamu kisha akanikata katikati, hilo silipi."

Sharti hilo limenipa kazi zaidi kuliko hoja zote za mwenye duka. Tumezoea kuchagua kurasa kumi zinazovutia na kuishia pale msikilizaji anapotaka kujua zaidi; ndiyo kazi ya kuonjesha. Ukishamtoza mtu kiingilio huna tena haki ya kumwonjesha. Unapaswa kumpa kitu kizima: hadithi fupi yenye mwanzo na mwisho wake, au utendi wote, au sura inayoweza kusimama peke yake, au, kama anavyotaka bibi, riwaya nzima kwa mafungu ya kila wiki mpaka iishe. Mchapishaji mmoja niliyemgusia wazo hilo la mwisho aliniangalia kwa mashaka na kuniuliza nani atanunua kitabu alichokwisha kusomewa chote. Nilimjibu kwamba mzee wangu wa Likoni alizijua nyimbo zote kwa moyo kabla hajanunua kanda. Hakuridhika, na kwa haki yake nakiri kwamba kanda inarudisha sauti ile ile, wakati kitabu kinamtaka mtu ajisomee mwenyewe kwa miwani iliyochakaa. Inawezekana kwamba baadhi ya wasikilizaji hawatakuwa wanunuzi kamwe. Nimeanza kuona kuwa hilo si pengo la kuzibwa, mradi wamelipia walichokisikia.

## Tangazo

Mpango ulivyo sasa ni huu. Vikao vitaanza Jumatano baada ya Isha, ili anayeswali asikose na anayefunga duka lake awahi. Kiingilio ni shilingi 200, pamoja na kahawa. Nusu ya makusanyo ni ya mwandishi, na atapewa mkononi usiku ule ule, kwa kuwa waandishi wamechoka kuambiwa watatumiwa. Anayetaka kutunza hatazuiwa, ila bakuli limeondolewa. Mgeni wa kwanza atasoma hadithi fupi mbili, nzima.

Tuliloshindana ni jambo moja. Mwenye duka anataka shilingi 200 ya kiingilio ipunguzwe kwenye bei ya kitabu kwa yeyote atakayenunua usiku ule, na anasema kwamba hata hao wa California walifanya kitu cha namna hiyo. Hoja yake ni nzito: kodi ya pango haingoji falsafa, na punguzo linaweza kumsukuma mtu aliyekuwa akisitasita. Mimi naona kwamba tukishasema hivyo tumemwambia msikilizaji kuwa alichokilipia mlangoni hakikuwa chochote, kilikuwa ni amana ya kitabu, na tumerudi kwenye kipande cha halua. Isitoshe, nusu ya fedha hiyo ni ya mwandishi, na sijaelewa duka litaipunguzaje kwenye kitabu bila kuitoa mfukoni mwa mtu.

Tangazo liko tayari, limeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, na sentensi ya punguzo ameiweka chini kabisa kwa wino mwekundu. Nimemwomba aikate. Amekataa kuliandika upya, ila amekubali kwamba kwa kikao cha kwanza sentensi ibaki, cha pili iondolewe, halafu tulinganishe daftari la mauzo na la mlangoni. Daftari la mlangoni nitalishika mimi.